Samaki Mgeni Kwenye Tangi la Maji Chumvi: Mambo Matatu Yanayomuua

Tangi la maji chumvi lililokaa mwaka mzima, amonia (sumu itokanayo na uchafu wa samaki) sifuri na samaki wote wanakula, humpa mwenyewe ujasiri wa kuongeza samaki mwingine. Ananunua kangaja mmoja, samaki wa miamba mwenye miiba kwenye shina la mkia, anaelesha mfuko juu ya maji, anamtoneshea maji ya tangi kwa saa mbili, kisha anamwachia. Siku kumi baadaye mgeni amekufa na wenyeji wawili wana vidoa vyeupe. Lawama humwangukia muuzaji, au maji ya bahari, au joto la Tanga.

Kuongeza samaki ni kazi tatu ambazo watu huzifanya kama moja. Ya kwanza ni kuuzoesha mwili wa samaki maji mapya. Ya pili ni kuzuia vimelea alivyokuja navyo. Ya tatu ni kumpatia nafasi miongoni mwa samaki ambao wamekwisha kugawana mawe. Dawa ya moja haitibu nyingine. Kutonesha maji hata usiku kucha hakuondoi kimelea hata kimoja, na karantini ya miezi miwili haimzuii mwenyeji mkorofi kumng'ata mgeni.

Siku aliyokufa samaki hueleza mengi. Akifa ndani ya saa 24, chunguza maji kwanza: chumvi, amonia, hewa. Akifa kati ya siku ya pili na ya tano huku anahema haraka na ngozi ina kama vumbi la dhahabu, huyo alikuja na kimelea kiitwacho Amyloodinium. Siku hizohizo, aliyechanika mapezi na kujibanza kona ya juu ya tangi ameonewa na wenzake. Vidoa vyeupe kama punje za chumvi vinavyojitokeza wiki ya kwanza au ya pili ni Cryptocaryon, ugonjwa wa madoa meupe. Anayekonda mgongo polepole hadi wiki ya tatu au ya nne hali chakula, au ana minyoo.

Maji ya mfuko, maji ya tangi

Damu ya samaki wa bahari ina chumvi takriban theluthi moja ya ile ya maji anamoogelea. Kwa hiyo mwili wake hupoteza maji muda wote. Naye hunywa maji ya bahari na kuitoa chumvi ya ziada kupitia matamvua. Ukimhamisha kutoka maji yenye chumvi kidogo kwenda maji yenye chumvi nyingi kwa ghafla, anakaushwa akiwa ndani ya maji. Kinyume chake, kushuka kutoka chumvi nyingi kwenda pungufu, anakivumilia vizuri zaidi. Wauzaji wengi huweka matangi yao kwenye uzito mahususi (uzito wa maji ukilinganishwa na maji yasiyo na chumvi) wa 1.018 hadi 1.020 ili kuokoa chumvi na kupunguza vimelea, wakati tangi la nyumbani liko 1.025 au 1.026, yaani chumvi gramu 35 kwa kila kilo ya maji. Pengo hilo halifungwi kwa dripu ya saa moja. Linafungwa kwa siku kadhaa, ukipandisha 0.001 hadi 0.002 kwa siku, na hiyo ni kazi ya tangi la karantini.

Pima maji ya mfuko kwa rifraktomita, kifaa kinachopima chumvi kwa mwanga, kabla ya kufanya lolote. Haidromita ya plastiki yenye mshale hudanganya, hasa ikinasa viputo vya hewa. Rifraktomita nayo isawazishwe kwa kimiminika maalumu cha gramu 35. Ukiisawazisha kwa maji safi peke yake inaweza kuwa sahihi kwenye sifuri na kukosea kule juu unakopimia.

Jambo la pili ndani ya mfuko ni amonia, na hapa ushauri uliozoeleka humwumiza samaki. Akiwa safarini, samaki anatoa hewa ya ukaa na amonia. Hewa ya ukaa hushusha pH (kipimo cha uchachu) ya maji ya mfuko hadi 7 au chini yake, na kwa pH hiyo chini ya asilimia 1 ya amonia ndiyo iliyo katika hali ya sumu. Mfuko unapofunguliwa, hewa ya ukaa hutoka na pH huanza kupanda. Ikifika 8.2 kwenye joto la nyuzi 28, takriban asilimia 8 ya amonia ileile imegeuka sumu. Ukiendelea kutonesha maji ya tangi humo kwa saa mbili unaharakisha mabadiliko hayo samaki akiwa ndani.

Kwa hiyo fuata urefu wa safari. Samaki aliyevuliwa asubuhi karibu na Tanga na kufika nyumbani ndani ya saa moja kwenye ndoo yenye pampu ya hewa anaweza kutoneshewa maji bila hofu. Mpira wa dripu wa hospitali wenye kidhibiti chake unafaa sana: kifungulie kiasi cha maji ya ndoo kuwa mara mbili ndani ya dakika 30 hadi 45. Lakini samaki aliyetoka Dar es Salaam kwa basi, au Mombasa kupitia Horohoro, amekaa mfukoni saa nyingi. Huyo andaliwe tangi la karantini lenye chumvi ileile ya mfuko (muulize muuzaji namba kabla ya siku ya safari). Mfuko ueleshwe bila kufunguliwa dakika 15 hadi 20 ili joto lilingane. Kisha ufunguliwe, naye ahamishwe mara moja kwa mkono au chombo kidogo. Wavu hunasa miiba ya kangaja iliyo kwenye shina la mkia na kumjeruhi. Maji ya mfuko hayaingii kwenye tangi lolote, yamwagwe.

Aliyevuliwa kwa dema na kuvutwa haraka kutoka kina kirefu angaliwe tumbo. Kibofu cha hewa kilichovimba humfanya aelee kichwa chini, na wengi wa namna hiyo hawaponi. Aliyepatikana kwa utupa, sumu ya mmea ya kuvulia, anaweza kuonekana mzima siku ya kwanza na kufa siku chache baadaye, usimpokee. Na kabla ya kuvua mwenyewe, pata kibali cha ofisi ya uvuvi. Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, iliyoanzishwa mwaka 2009, inashika sehemu kubwa ya pwani kutoka eneo la jiji kuelekea Mto Pangani, na ndani yake huchoti samaki wa pambo wala jiwe kwa hiari yako.

Karantini

Hii ndiyo sehemu inayorukwa, na ndiyo inayoamua kama tangi lako litakuwepo mwaka ujao. Samaki mmoja wa bei ndogo asiyewekwa karantini anaweza kuua samaki wote uliowalea kwa miaka.

Vifaa si vingi. Tangi au beseni la plastiki la lita 40 hadi 80, pampu ya hewa, sponji ya kuchujia, kipimajoto, mfuniko, na vipande vya bomba vya kujifichia. Elbo na tii za inchi mbili kutoka duka la vifaa vya maji zinatosha. Usiweke mchanga wala mawe, kwa sababu vimelea hujificha humo na mawe ya chokaa hufyonza dawa ya shaba. Sponji iwe imekaa kwenye chujio la tangi kuu wiki 4 hadi 6 ili bakteria wa kula amonia wakae ndani yake. Tangi kuu likiwa limewahi kuugua, bakteria hao waoteshwe pembeni kwa kutia amonia kidogokidogo, sponji ya humo isitumike. Wavu, ndoo na mpira wa karantini visiguse tangi kuu, na matangi hayo mawili yakae mbalimbali, kwani matone yanayorushwa na viputo hubeba vimelea.

Sasa kimelea chenyewe. Cryptocaryon irritans hupita hatua nne. Kikiwa kwenye ngozi na matamvua ya samaki hula kwa siku 3 hadi 7, na hapo ndipo unakiona kama kidoa cheupe. Kisha hujiachia, huzama na kujifungia kwenye kifuko kinachonata chini au kwenye jiwe. Ndani ya kifuko hujigawa, na baada ya siku 3 hadi 28 kwa kawaida kifuko hupasuka na kutoa watoto wengi wanaoogelea. Watoto hao wana siku moja hadi mbili za kumpata samaki, wakimkosa wanakufa.

Kutokana na mzunguko huo utaelewa mambo mawili yanayowapotosha watu. Vidoa vikitoweka vyenyewe baada ya siku tano, samaki hajapona. Vimelea vimeshuka chini kuzaana, na vitarudi kwa wingi. Jambo la pili, dawa haikifikii kimelea kikiwa chini ya ngozi wala ndani ya kifuko. Inaua wale wanaoogelea tu. Ndiyo maana tiba haikatishwi siku vidoa vinapoisha.

Mahali ambapo dawa za samaki ni adimu, njia bora ni ya kuhamisha vyombo, kwa kuwa haihitaji dawa yoyote. Chukua vyombo viwili vya lita 40. Samaki anaingia chombo cha kwanza siku ya 1. Siku ya 4 anahamishiwa cha pili chenye maji mapya kabisa, akibeba maji machache iwezekanavyo. Cha kwanza kinamwagwa, kinasuguliwa na kuanikwa juani hadi kikauke kabisa pamoja na jiwe la hewa na mabomba yake. Siku ya 7 anarudi cha kwanza, siku ya 10 cha pili, siku ya 13 anaingia tangi safi la uangalizi. Muda kati ya uhamisho mmoja na mwingine usizidi saa 72. Vimelea vinavyodondoka ndani ya saa hizo vinaachwa nyuma kabla vifuko havijapasuka, na hadi siku ya 13 vyote vilivyokuwa mwilini vimekwisha kudondoka. Saa 80 badala ya 72 zinaweza kuharibu kazi yote, kwa hiyo panga saa utakazokuwepo nyumbani. Katika siku hizo lisha kidogo na upime amonia kila siku, kwa kuwa vyombo havina sponji.

Maji mapya yatoke wapi? Mkazi wa Tanga ana bahari mlangoni, lakini maji ya bahari mabichi yanaweza kuwa na vimelea vilevile unavyovikimbia. Chota maji yakiwa yamejaa, mbali na bandari na mifereji. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, epuka maeneo yanayopokea maji ya Sigi na Mkulumuzi, kwa sababu chumvi hushuka na matope huongezeka. Chuja kwa katriji ya mikroni 5 kama zile za machujio ya maji ya nyumbani, ambayo inazuia vifuko na watoto wa kimelea. Kisha tia klorini isiyo na manukato: ikiwa ni ya asilimia 5, mililita 2 kwa lita 10 hutoa miligramu 10 kwa lita. Ikiwa ni ya asilimia 3.5, mililita 3. Washa pampu ya hewa saa 24, ondoa mabaki kwa thiosalfeti ya sodiamu, na usiweke samaki mpaka kipimo cha klorini kisome sifuri.

Njia hii haimwondoi Amyloodinium, ambaye huzunguka haraka zaidi. Kwake shaba ndiyo tegemeo. Shaba ya kawaida, isiyofungwa kwa kemikali nyingine, inafanya kazi kati ya miligramu 0.15 na 0.20 kwa lita. Chini ya hapo haitibu, juu ya hapo huanza kuwadhuru samaki. Mrututu (salfeti ya shaba) safi wa maabara una shaba robo ya uzito wake. Yeyusha gramu 1 kwenye lita 1 ya maji yaliyokenekwa, na kila mililita itakuwa na takriban miligramu 0.25 za shaba. Karantini ya lita 60 inahitaji miligramu 12, yaani karibu mililita 48, zigawanywe kwa siku tatu. Mrututu wa shambani usiutumie, haujulikani umechanganywa na nini. Shaba hujishikiza na kuzama kwenye maji ya bahari, hivyo pima asubuhi na jioni na uongeze pungufu tu. Kaa kwenye kipimo siku 14 hadi 30. Dawa zenye shaba iliyofungwa zina kipimo kikubwa zaidi, mara nyingi 1.5 hadi 2, fuata maelezo ya chupa na utumie kipimio kinachoisoma shaba ya aina hiyo. Usichanganye shaba na dawa za kupunguza amonia. Na shaba haiingii tangi kuu kamwe: huua kamba, konokono na matumbawe, na mawe yakishainyonya huendelea kuitoa.

Minyoo ya ngozi na matamvua haiguswi na shaba. Prazikwanteli, ileile inayotolewa kwa kichocho, huiondoa. Kipimo ni miligramu 2.5 kwa lita, kwa hiyo lita 60 zinahitaji miligramu 150, robo ya kidonge cha miligramu 600. Kisage laini kabisa maana huyeyuka kwa shida, ongeza hewa, na rudia baada ya siku 5 hadi 7 ili kuwapata walioanguliwa kutoka kwenye mayai. Ukitaka kujua haraka kama minyoo ipo, mwogeshe samaki kwenye maji baridi, yaani yasiyo na chumvi wala klorini, dakika 3 hadi 5. Maji yawe na joto lilelile na pH iliyopandishwa kwa kijiko cha chai cha bikaboneti ya soda kwa lita 10 hivi. Hapa si magadi soda yale ya kupikia maharage, hayo yatamchoma. Minyoo hugeuka myeupe na kuanguka kama magamba madogo. Samaki akilala ubavu na kuacha kuhema, mtoe mara moja.

Muda uliobaki wa karantini, hadi wiki 4 au 6 kwa jumla, ni wa kula. Samaki asiyekula karantini hatakula tangini ambako kuna wa kumnyang'anya. Uduvi mbichi uliooshwa kwa maji baridi na kugandishwa siku kadhaa huvutia karibu kila samaki. Kangaja na tasi wapewe mwani laini wa kijani uliobanwa kwenye kioo. Kugandisha ni muhimu, kwa sababu chakula kibichi kutoka sokoni Deep Sea nacho kinaweza kuleta ugonjwa.

Kama vidoa vimekwisha kuingia tangi kuu, samaki wote watolewe na kutibiwa, na tangi libaki bila samaki. Wafugaji wengi hungoja siku 76, kwa sababu kuna vifuko vilivyorekodiwa kupasuka baada ya siku 72. Kamba na matumbawe wanabaki, hawaugui ugonjwa huu.

Wenyeji

Samaki wa miamba hugombania mahali, chakula na mwenza, na humtambua mshindani kwa umbo na rangi. Kangaja wa bluu atamshambulia kangaja mwingine mwembamba wa mviringo kabla ya kumjali samaki kipepeo. Samaki mdogo wa milia aitwaye Dascyllus, ambaye hajafika hata urefu wa kidole, anaweza kumnyima usingizi samaki mkubwa mara tatu. Mpangilio ni kuanza na waoga na kumaliza na wakorofi. Kikande awe wa mwisho kabisa, au asiwepo. Kangaja wawili wa jenasi moja, kwenye tangi fupi kuliko mita 1.5, ni ugomvi wa kudumu.

Samaki wa anemoni wana utaratibu wao. Mkubwa kuliko wote ni jike, anayemfuata ni dume, na dume hugeuka jike akifa jike. Ukiwa na mmoja aliyekaa peke yake kwa muda mrefu, huenda amekwisha kuwa jike. Mwenza wake awe mdogo wazi kuliko yeye. Wawili wa ukubwa sawa waliokomaa hupigana hadi mmoja afe.

Sanduku la kujuana hupunguza vita kuliko hila nyingine yoyote. Chukua sanduku la plastiki angavu, litoboe matundu ya milimita 5 pande zote na mfuniko, libane ukingoni mwa tangi kuu mahali penye mkondo wa maji. Mgeni akae humo siku 3 hadi 7 na alishwe humo. Wenyeji watakuja kumpiga mkia ukutani siku ya kwanza. Hilo ni la kawaida. Usimfungulie mpaka wapite bila kumjali. Akiwepo mmoja ambaye siku ya saba bado anagonga sanduku, mtoe huyo mwenyeji na kumweka pembeni siku kadhaa. Akirudi yeye ndiye mgeni, na eneo lake limechukuliwa.

Siku ya kumfungulia, panga upya mawe machache asubuhi ili mipaka ya zamani ipotee. Jioni walishe wenyeji washibe, punguza taa, fungua sanduku, kisha zima taa zote. Kukwaruzana kidogo kwa siku mbili ni jambo la kawaida. Mapezi yanayochanika, au mgeni anayezuiwa kufika kwenye chakula siku mbili mfululizo, ni alama ya kuingilia kati.

Hewa na joto

Bakteria wa tangi lako wanalingana na samaki uliokuwa nao, si zaidi. Ongeza mmoja, au wawili wadogo, kisha pima amonia na nitriti (sumu ambayo bakteria huitoa kwenye amonia) siku ya 1, 3, 5 na 7. Ukiona amonia miligramu 0.25 kwa lita, badilisha robo ya maji na upunguze chakula.

Msimu wa kaskazi, Desemba hadi Machi, tangi ndani ya nyumba linaweza kupita nyuzi 30, na maji moto hubeba hewa kidogo wakati samaki anahitaji zaidi. Feni ndogo ikipuliza juu ya maji hushusha nyuzi 2 hadi 3. Maji yanayopotea kwa mvuke yajazwe kwa maji yasiyo na chumvi, kwani chumvi haikuondoka nayo. Kama huwezi kulishusha joto, ahirisha samaki mpya hadi kusi ianze. Na kwa kuwa umeme hukatika, pampu ya hewa ya betri iwe tayari kabla ya kumleta: tangi lenye samaki wengi, nyuzi 30, bila mkondo wa maji, linaweza kuishiwa hewa ndani ya saa chache, na usiku hali ni mbaya zaidi kwa sababu mwani nao unavuta hewa. Ijaribu pampu hiyo kwa kuzima swichi kuu mchana, angalia kama inajiwasha yenyewe na kama viputo vinafika hadi chini ya mawe.